Mshahara wa Machi

Bosi Kiwelu hakuwa na fedha.
Alikuwa na kuku elfu mbili kwenye vizimba vya waya,
wanaokula kuliko wanavyotaga,
na lori la watu wa supu linakuja Ijumaa.
"Chagua kumi na wanne, Elinami,
tuhesabu Machi imelipwa."
Nikatia sahihi. Hata kalamu ilikuwa yake.

Nikawachomoa mmoja mmoja.
Kucha zilijisokota kwenye waya, zikaung'ang'ania,
nikawa kama mtu anayempokonya mtoto kitu.
Shingo tupu kama kiganja.
Vilemba vyeupe, vimelala juu ya jicho.
Midomo imekatwa ncha.
Niliikata mimi,
wakiwa vifaranga, mashine imeiva moto,
huku nasikiliza mpira redioni.

Matenga mawili nyuma ya bodaboda,
Njiapanda hadi Pasua.
"Wagonjwa hawa?" dereva akauliza.
Nikamwambia, wastaafu.
Akacheka mpaka Kiboriloni.

Aikande alikuwa ameshapiga hesabu:
elfu saba kila mmoja, Jumamosi sokoni,
ada ya Ndeonasia, deni la Mama Kyara,
chenji ya mafuta ya kula.
Nikawamwaga uani, chini ya mgomba wetu mmoja.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Mimi sikufunga kamba,
na hawakwenda popote.
Kila mmoja alisimama kwenye kipande cha ardhi
kisichozidi ukurasa wa gazeti,
wamebanana bila kubanwa.
Kamba ilikuwa mahali
nisipoweza kuingiza vidole.

Usiku masika ikashuka kutoka upande wa Kibosho.
Hawakujua kwamba mvua hukimbiwa.
Waliinua nyuso, wakalowa.
Tukawabeba ndani, kwenye giza, umeme umekatika,
Ndeonasia akawakausha kwa sweta yake ya shule.
Asubuhi akasimamishwa mbele ya paredi:
nani huyu ananuka banda?
Akasema, "Mimi, mwalimu," akarudi mstarini.

Jumatano mmoja akafa,
bila kelele, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.
Nikamzika. Mama Kyara akachungulia uani:
"Unazika supu?"

Jumamosi.
Aikande ameshafunga kanga, tenga lipo kichwani.
Mmoja wao, yule mwenye jicho la kushoto bovu,
akanyanyua mguu.
Akaparua udongo, mara moja tu,
akageuka nyuma haraka
kutazama ni nani aliyefanya vile.
Akaparua tena. Akashtuka tena.
Mara akajitupa kwenye majivu ya jana ya jikoni,
akajirushia vumbi mbawa mbili mbili,
akalala ubavu, mguu mmoja umenyooka hewani,
tukadhani na huyu anakufa.

Aikande alicheka kwanza kwa pua.
Halafu tenga likashuka.
"Jumamosi ijayo," akasema.

Sasa ni Agosti, na bado ni Jumamosi ijayo.
Ada tulilipa kwa vipande vipande, mwalimu mkuu anajua.
Shingo zimeota manyoya, mengine yameelekea kusikostahili.
Vilemba vimewiva kama pilipili.
Mayai manne, siku nyingine matano,
mengine yana ganda jepesi la kuonea aibu;
tunayatwanga maganda, tunawarudishia.
Kulala juu ya mti hawajajifunza,
wanalundikana kwenye kona moja
ingawa kona zipo nne.

Ila ncha ya mdomo haioti.
Punje ikianguka chini wanaigonga,
wanaigonga, inawakimbia.
Kwa hiyo jioni nachuchumaa,
mahindi yaliyobarazwa nayashika kiganjani,
nao wananidonoa kwa ule ubutu.
Hawaniumizi hata kidogo.
Kuna siku natamani waniumize.

Juzi Kiwelu amepiga simu: Aprili bado hana fedha,
na banda la pili nalo limechoka.
Nikaziba simu kwa mkono, nikamtazama mke wangu.
Alikuwa anapepeta pumba, hakuinua uso.
"Mwulize," akasema,
"amebakiwa na wangapi."